Kilichotungikwa Ukutani

Gari la matangazo limepita mara mbili leo,
vumbi lake likaingia hadi kwenye ulezi nilioanika:
wenye magobore wayasalimishe, mwisho tarehe thelathini,
haulizwi mtu, hashtakiwi mtu.
Hapa Ipole sijaona nyumba isiyo na siri darini.

La Mihayo lilifuliwa na mhunzi wa Kiloleli,
mtutu ni bomba la usukani wa Landrova ya misheni,
kitako ni mninga, alikichonga mwenyewe
msimu uleule aliochonga mizinga kumi na miwili.
Kwetu ukisema mzinga watu husikia nyuki kwanza.
Yeye alicheka: vyote viwili vyauma,
ila nyuki akishauma hufa.

Sababu hakukosa.
Nguruwe pori wanaovuna usiku mmoja
palizi ya miezi mitatu.
Fisi.
Na siku za malipo ya tumbaku,
wageni wa pikipiki zisizo na namba
wanaouliza njia wanayoijua.
Nami nilimshikia taa,
nikampimia baruti kwa kijiko cha chai.
Nyama ya ngiri sikuikataa.

Kisha mwaka wa mvua nyingi, mahindini,
kitu kilitikisa mabua, kikakoroma.
Goroli haijui kupiga hodi.
Alikuwa Ntabo, mdogo wake, amelewa,
anatafuta njia ya mkato.
Alipona. Mguu haukupona.
Mpaka leo akija kwangu
nasikia gongo lake kabla ya salamu,
na Mihayo hakutia tena baruti hata punje
mpaka tulipomzika.

Miaka kumi na mmoja basi, lipo tupu,
limeviringwa kanga isiyosomeka tena jina,
juu ya mambo mawili.
Kutu imejenga mtutuni, buibui kapanga.
Ajuaye ni mimi.

Wengine wanajua tu kwamba Kalunde ana bunduki,
nami sikuwahi kusema sina.
Macho yangu mekundu, mnayaona:
miaka thelathini ya kuchochea moto wa bani,
moshi wa tumbaku ya watu wengine.
Mtoto wa jirani alipokufa kwa homa
walinitazama macho kabla ya kunipa mkono.
Nyanzala wa kule mtoni alikuwa na macho kama haya,
ukutani hakuwa na kitu.
Mlango wake ulikuwa wa bati. Sisemi zaidi.

Basi niambie, bwana wa kipaza sauti:
nikikabidhi chuma,
uvumi wake niukabidhi kwa nani?

Lakini juzi nilimkuta mjukuu wangu, Shija,
amesimama juu ya debe,
jicho kaliweka kwenye tundu la mtutu,
ananiuliza, bibi, ndani mbona giza?

Nilikwenda Sikonge kabla ya adhana,
nasukuma baiskeli, limelala katikati ya kuni.
Askari alilipima urefu, akaandika:
gobore, moja, bovu.
Neno hilo la mwisho nilimwomba alifute.
Akainua uso. Linakudhuru nini, mama?
Nikamwambia, mwanangu, andika gobore tu.

Mchi wa kinu una urefu uleule, karibu.
Nimeuviringa kanga ileile, nimeutungika.
Stakabadhi iko ndani ya kibuyu, mdomo nimeuziba kwa nta.
Usiku mbwa akibweka nakohoa kikohozi kizito, cha Mihayo,
kisha nasukuma kidogo kilicho juu ya mambo,
kigonge ukuta.

Asubuhi natwanga kwa mchi wa kuazima.
Jirani bado hajaniuliza
wangu umekwenda wapi.